Miaka 45 ya Pama na Mjeledi

Tarehe 12 Juni 1981 kumbi za sinema za Marekani zilianza kuonyesha filamu iitwayo Raiders of the Lost Ark, na ulimwengu ukampata Indiana Jones. Juni 2026 inatimia miaka 45. Katika muda huo zimetoka filamu tano: tatu za kwanza zilifuatana ndani ya miaka minane, kikaja kimya cha miaka 19 hadi 2008, kisha kimya kingine cha miaka 15 hadi 2023. Filamu ya kwanza ilipotoka, Harrison Ford alikuwa na umri wa miaka 38. Ya tano ilipotoka alikuwa na miaka 80, na siku 13 baadaye akatimiza 81.

Tunaiadhimisha siku hii kwa kuwa Indiana Jones ni taasisi, na taasisi ikitimiza miaka 45 hustahili kusemwa hadharani. Babu aliyemwona kwenye pazia la sinema, baba aliyemkodi kwenye mkanda wa VHS na mjukuu anayemtazama kwenye simu wote wanaijua kofia ileile ya pama, mjeledi uleule na koti lilelile la ngozi. Huko Washington, kofia na koti hivyo vimehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian kama sehemu ya historia ya taifa.

Katika vibanda umiza vya Afrika Mashariki kila mtoto aliijua kanuni moja kabla taa hazijazimwa: steringi hafi. Kwa filamu nyingi kanuni hiyo ilitosha. Indiana Jones aliongeza jambo ambalo masteringi wachache mno wamelikubali. Alizeeka. Alizeeka mbele ya macho yetu, kwa jina lake na kwa mwili wake mwenyewe, hadi mvi zikamjaa na magoti yakagoma.

Si jambo dogo. Tangu mwaka huohuo wa 1981, James Bond amepita mikononi mwa Roger Moore, Timothy Dalton, Pierce Brosnan na Daniel Craig. Kila mmoja alipochoka aliwekwa kando, akaletwa mwingine mwenye kifua kipana na magoti mazima, na hadithi ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Indiana Jones wa sinema, tangu ajitokeze akiwa mtu mzima, amekuwa mtu mmoja. Aliponyamaza kwa miaka 19 hakutafutwa mrithi. Alisubiriwa.

Mwanzo wa taasisi hii unajulikana vizuri. Mei 1977 George Lucas alikuwa Hawaii, amekimbia kelele za uzinduzi wa Star Wars, akiamini huenda filamu hiyo isipate watazamaji. Alikuwa huko na rafiki yake Steven Spielberg. Spielberg alisema angependa kuongoza filamu ya James Bond. Lucas alimjibu kwamba anacho kitu bora kuliko hicho: profesa wa akiolojia anayezunguka dunia akitafuta vitu vya kale, kwa mtindo wa zile filamu fupi za mfululizo za miaka ya 1930 na 1940 ambazo kila wiki zilimwacha shujaa ukingoni mwa jabali. Jina Indiana lilikuwa la mbwa wa Lucas. Jina la ukoo lilikuwa Smith, Spielberg akalikataa, likawa Jones.

Studio kadhaa ziliwafungia mlango. Spielberg alikuwa ametoka kutengeneza filamu iitwayo 1941, iliyovuka bajeti na muda wake, na wenye fedha hawakuwa wamesahau. Paramount ndiyo iliyokubali. Hata kumpata shujaa mwenyewe kulikuwa na kikwazo, kwa kuwa aliyechaguliwa awali alikuwa Tom Selleck, na televisheni ya CBS ilimzuia kwa ajili ya tamthilia ya Magnum, P.I. Ford alipewa nafasi hiyo zikiwa zimebaki wiki chache tu kamera zianze kazi.

Upigaji picha ulimalizika kwa siku 73, pungufu ya 85 zilizopangwa, na wapigaji walipita Ufaransa, Uingereza, Tunisia na Hawaii. Huko Tunisia joto na maradhi ya tumbo viliwaangusha wengi kikosini. Ford mwenyewe alikuwa anaumwa tumbo vibaya siku iliyopangwa kwa pambano refu la mjeledi dhidi ya upanga, akapendekeza wamalize kwa risasi moja. Watu wazima wa leo wanalikumbuka tukio hilo kuliko mapambano mengi yaliyofanyiwa mazoezi ya wiki nzima. Kazi njema mara nyingi huzaliwa hivyo, kwa mtu mgonjwa anayetaka kazi iishe akalale.

Filamu hiyo iliongoza kwa mapato mwaka 1981, ikashinda tuzo nne za Oscar za ushindani na moja maalumu ya uhariri wa sauti. Mwaka 1999 iliingizwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya filamu zinazopaswa kuhifadhiwa. Tunaona fahari zaidi, hata hivyo, katika jambo lisilo na tuzo: kila ngumi ilimuuma. Mashujaa wa siku zile walitoka kwenye mapigano wakiwa na nywele zilizochanwa. Huyu alitoka akichechemea. Melini, mpenzi wake wa zamani Marion akimsafisha majeraha, ilikuwa kazi kupata sehemu isiyouma, na Indy akamweleza kuwa kilichomchakaza si miaka bali mwendo alioutembea. Mswada wa filamu uliandikwa na Lawrence Kasdan. Mbegu ya yote yaliyofuata, pamoja na uzee wenyewe, ilipandwa pale.

Tuwataje pia waliolipia maumivu hayo kwa miili yao. Terry Leonard ndiye aliyepita chini ya lori linalokimbia na kuburutwa nyuma yake, kwa heshima ya mchezo wa Yakima Canutt katika filamu ya Stagecoach ya 1939. Vic Armstrong alifanana na Ford kiasi kwamba kikosi chenyewe kilichanganyikiwa. Wakati wa filamu ya pili mgongo wa Ford uliteguka, akapelekwa Los Angeles kwa upasuaji, na Armstrong akavaa pama na kuendelea na kazi mpaka mwenyewe aliporudi.

Na tumtaje John Williams. Ametunga muziki wa filamu zote tano. Alipoandika ule wa mwisho alikuwa amevuka miaka 90, na akateuliwa tena kuwania Oscar. Wako watu hawajawahi kuitazama hata filamu moja, lakini wakisikia tarumbeta zile wanajua kwamba kuna mtu anakimbia.

Filamu ya pili, ya 1984, ina doa ambalo sherehe haiwezi kulifuta. Kisa chake kinatokea India ya mwaka 1935. Serikali ya India ilipoona mswada ilikataa kutoa kibali bila marekebisho, na watengenezaji wakahamia Sri Lanka, karibu na mji wa Kandy. Karamu ya mabongo ya nyani na mungu wa kike Kali aliyegeuzwa kuwa mlezi wa wauaji vilikuwa matusi kwa watu waliokuwa na haki ya kutendewa vyema zaidi. Watazamaji wa pwani yetu, waliokulia kwenye sinema za Kihindi, walimjua Amrish Puri kwa kina ambacho filamu ile haikukigusa. Hapo alipewa nafasi ya kung'oa mioyo ya watu. Miaka mitatu baadaye, katika Mr. India, alionyesha adui wa sinema anavyoweza kuwa.

Kutoka katika filamu hiyohiyo, hata hivyo, alitoka mtoto ambaye safari yake ni ya kweli kuliko zote zilizomo. Ke Huy Quan alizaliwa Saigon mwaka 1971, akakimbia na familia yake kwa njia ya bahari, akapita kambi ya wakimbizi Hong Kong kabla ya kufika Marekani. Alikuwa na miaka 12 alipoigiza kama Short Round, msaidizi mdogo wa Indy. Alipokua, Hollywood haikuwa na nafasi kwa sura kama yake, akafanya kazi nyuma ya kamera kwa miaka mingi. Usiku wa Machi 12, 2023 alishinda Oscar ya mwigizaji msaidizi. Saa chache baadaye filamu iliyompa tuzo hiyo ilitangazwa kuwa bora ya mwaka, na aliyesimama jukwaani kuitangaza alikuwa Harrison Ford. Wawili hao walikumbatiana mbele ya dunia, karibu miaka 40 tangu walipokimbia pamoja kwenye reli za mgodini. Kama taasisi hii isingetoa kingine, hilo lingetosha.

Filamu ya tatu, ya 1989, ndiyo tunayoipenda kuliko nyingine zote, na sababu yake ni baba. Sean Connery, Bond wa kwanza wa sinema, aliletwa kuwa mzazi wa shujaa aliyezaliwa kwa hamu ya Spielberg ya kutengeneza Bond. Alimzidi Ford umri kwa miaka 12 tu. Aliigiza kama mzee msomi, mkali, mwenye mwavuli na daftari, ambaye hakuwahi kuzungumza na mwanawe kwa namna inayofaa. Kwenye jengo la Hazina lililochongwa mwambani huko Petra, nchini Jordan, wanatafuta kikombe kitakatifu, na kinachopatikana ni baba kumwita mwanawe kwa jina alilojichagulia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mfululizo huu kumtazama mzee kwa heshima na kumpa kazi ya kufanya. Utu uzima dawa, na Spielberg alilitambua hilo mapema.

Humo pia alirudi Sallah, mchimbaji hodari wa Cairo, rafiki wa kweli wa Indy katika filamu ya kwanza, ya tatu na ya tano. Aliyemwigiza ni John Rhys-Davies, Mwelisi ambaye sehemu ya utoto wake aliipitisha Tanganyika ya miaka ya 1950, akiishi Dar es Salaam, Kongwa na Moshi, baba yake akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Wasomaji wa Kongwa wana haki ya kulijua hilo.

Uhusiano na eneo letu haukuishia hapo. Mfululizo wa televisheni wa 1992 na 1993, uliosimulia utoto na ujana wa Indy kwa kutumia waigizaji wengine, ulimleta Afrika Mashariki ya Waingereza mwaka 1909. Anakutana na Theodore Roosevelt katika ile safari yake ya uwindaji na kupata rafiki wa Kimaasai, na kisa hicho kilipigwa picha Kenya. Kisa kingine kinamrudisha mwaka 1916, sasa akiwa askari wa Ubelgiji katika vita vya Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambako anakutana na mwindaji Frederick Selous na kamanda Paul von Lettow-Vorbeck. Selous wa kweli aliuawa Beho Beho Januari 1917, katika pori lililokuja kuitwa kwa jina lake na ambalo sehemu yake kubwa sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivyo hawajapata filamu ya ukubwa huo hadi leo. Tutarudi kwenye hoja hiyo.

Kikafuata kimya. Miswada iliandikwa na kutupwa, Lucas akishikilia kwamba kisa cha miaka ya 1950 kinahitaji viumbe kutoka anga za mbali, Spielberg na Ford wakisita. Mei 18, 2008 filamu ya nne ilionyeshwa Cannes. Ford alikuwa na miaka 65. Hakufichwa. Kisa kilisogezwa hadi 1957 ili umri wa mhusika ulingane na uso wake, Wanazi wakaondoka, wakaja Wasovieti, na Marion Ravenwood wa filamu ya kwanza, Karen Allen yuleyule, akarudi naye akiwa na umri wake. Mwishoni walifunga ndoa.

Mashabiki wengi hawakuionea huruma filamu hiyo, na katika mengi walikuwa sahihi. Shujaa aliyenusurika mlipuko wa nyuklia ndani ya friji aliwachosha hata waliompenda. Lakini dunia ilikwenda kumwona: mapato yalikaribia dola milioni 800. Watu walilipa kumtazama mtu wa miaka 65 akikosea kuruka, akiangukia gari lisilo lake, akitaniwa na kijana kwa uzee wake. Hakuna aliyelazimishwa kununua tiketi hiyo. Umma ulisema wazi kwamba uko tayari kwa shujaa mwenye mvi.

Ford halisi naye alikuwa akijaribiwa. Mwaka 2014 mlango wa chombo cha kuigizia ulimvunja mguu akitengeneza Star Wars. Machi 2015 injini ya ndege yake ndogo ya zamani ilizima, akaishusha kwenye uwanja wa gofu mjini Los Angeles na kuumia vibaya. Juni 2021, akifanya mazoezi ya pambano kwa ajili ya filamu ya tano, aliumia bega na kazi zake zikasimama kwa miezi. Kila mara alipona, akarudi kazini.

Filamu hiyo ya tano, Indiana Jones and the Dial of Destiny, iliongozwa na James Mangold, na ilikuwa ya kwanza kutoongozwa na Spielberg. Iligharimu takriban dola milioni 300 na kuingiza chini ya milioni 400. Kwa hesabu za studio hiyo ni hasara. Sisi tunaipima kwa kipimo kingine, na kwa kipimo hicho ni kazi ya ujasiri.

Fikiria inavyomwonyesha shujaa wake. Ni mwaka 1969. Profesa Jones ana miaka 70, amelala kwenye kiti, kaptula tu mwilini, na anaamshwa na muziki wa vijana wa jirani. Kamera inamtazama kifua kilicholegea na ngozi iliyokunjamana, na haigeuki pembeni. Anakwenda kugonga mlango wa jirani kulalamika, kama mzee yeyote wa mtaani. Siku hiyo anastaafu Chuo cha Hunter, anakabidhiwa saa ya ukumbusho, na akifika barabarani anampa saa hiyo mtu wa kwanza anayekutana naye. Mwanawe amekufa Vietnam. Mkewe ameomba watengane. Nje, New York inawashangilia wanaanga waliotoka mwezini, na mtu aliyetumia maisha yake kuchimba yaliyopita anapita katikati ya umati ambao macho yao yako juu.

Ni filamu gani nyingine ya gharama hiyo iliyothubutu kumwonyesha steringi wake namna hiyo? Sallah naye yuko New York, anaendesha teksi, ana wajukuu, na anakiri kwamba analikumbuka jangwa na bahari. Anataka kwenda safari. Anaambiwa abaki. Wengi wa wasomaji wetu walioko ughaibuni watakijua kiti hicho cha teksi.

Kisha safari inaanza, na mzee anakimbia, anapanda farasi ndani ya njia za treni za chini ya ardhi, anazama baharini, anafika Sicily. Kinachotafutwa kimejengwa juu ya kitu cha kweli, chombo cha Antikythera, mashine ya kale ya Kigiriki iliyopatikana mwaka 1901 kwenye mabaki ya merikebu. Mwisho wake unamtupa Siracusa ya kale, mbele ya Archimedes mwenyewe, na mzee aliyejeruhiwa anaomba aachwe huko. Ombi lile ndilo kiini cha kazi nzima. Kila mtu aliyezika aliowapenda amewahi kutamani kubaki katika wakati ambao bado haujamnyang'anya. Binti wa ubatizo wake, Helena, anamkatalia kwa ngumi na kumrudisha nyumbani, ambako Marion anaingia na mfuko wa vyakula.

Mei 2023 tamasha la Cannes lilimpa Ford Palme ya Dhahabu ya heshima. Alilia. Alikuwa na sababu.

Heshima hiyo inatuleta kwenye wajibu wa wanaomiliki jina la Indiana Jones. Disney iliinunua Lucasfilm mwaka 2012 kwa dola bilioni nne na ushee, na pamoja nayo ilipokea amana hii. Filamu hiyohiyo inayouheshimu uzee inaanza kwa takriban dakika 25 za mwaka 1944, ambamo mafundi wa kompyuta wamemvika Ford uso wa ujana wake kwa kutumia picha za zamani zilizohifadhiwa. Ufundi ule ni mkubwa. Sikio, hata hivyo, halikudanganyika, maana kutoka kinywa cha kijana ilitoka sauti ya mzee. Wiki mbili baada ya filamu kutoka, waigizaji wa Marekani waligoma kwa siku 118, na mojawapo ya madai yao makuu lilikuwa hilihili, nani ana haki ya kutumia sura ya mwigizaji kwa mashine. Desemba 2024 ukatoka mchezo wa kompyuta wenye uso wa Ford kijana na sauti ya Troy Baker.

Michezo ya kompyuta ina kanuni zake na hatuna ugomvi nayo. Kwa sinema msimamo wetu hauna utata. Ford amesema hadharani kwamba hakuna wa kuchukua nafasi yake baada yake. Neno lake liheshimiwe, yu hai au hayupo. Kumfufua kwa kompyuta kila studio inapohitaji mapato kungekuwa kuwanyang'anya watazamaji kitu pekee ambacho Bond hakuweza kuwapa: mwanadamu mmoja aliyepitiwa na wakati. Ford mwenyewe hajajificha nyuma ya uso wa zamani. Katika tamthilia ya Shrinking anaigiza kama daktari mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson, na mwaka 2025, akiwa na miaka 83, aliteuliwa kwa mara ya kwanza kuwania tuzo ya Emmy.

Wajibu wa pili ni wetu. Indy alikuwa na kauli aliyoirudia tangu ujana: kitu cha kale mahali pake ni makumbusho. Kauli hiyo ilikuwa sahihi dhidi ya wezi na matajiri wanaoficha hazina vyumbani mwao. Haikusema ni makumbusho ya nani. Mwaka 2019 vigango 30 vya Wamijikenda, nguzo za kuwakumbuka wafu, vilirejea Kenya kutoka makumbusho ya Denver. Mwaka 2023, mwaka uleule wa filamu ya tano, makumbusho ya jimbo la Illinois yalirejesha vingine 37. Ngadji, ngoma ya Wapokomo iliyochukuliwa na wakoloni mwaka 1902, bado iko British Museum mjini London. Umma uliofundishwa na sinema kupenda vitu vya kale una nguvu ya kudai virudi kwa wenyewe, na unapaswa kuitumia.

Hapo ndipo inaporudi hoja ya wapagazi. Mwaka 1909, mwaka ambao Indy wa televisheni alikuwa akirandaranda Kenya, Wajerumani walianza kuchimba mifupa ya dinosauri katika kilima cha Tendaguru, Lindi. Kufikia 1913 zaidi ya tani 200 zilikuwa zimebebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mjusi mkubwa waliyemchimbua amesimama Berlin, urefu wa zaidi ya mita 13, na jina la Boheti linajulikana na wasomi wachache.

Na yuko Kamoya Kimeu. Aliingia katika kazi ya uchimbaji na familia ya Leakey akiwa kijana, tangu enzi za Olduvai. Agosti 1984, miezi mitatu baada ya Indy kurudi kwenye kumbi na filamu yake ya pili, Kimeu aliokota kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kipande kile kilizaa mifupa ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita, mojawapo ya mabaki kamili zaidi ya binadamu wa kale yaliyowahi kupatikana. Mwaka uliofuata Rais Ronald Reagan alimkabidhi medali ya National Geographic. Aliendelea kutembea kwenye mabonde yale mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2022.

Ford ameitundika pama, na hadithi yake imefungwa kwa heshima. Watengenezaji filamu wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na wenye fedha wanaodai kukosa visa vya kuwekeza, waanze na Kimeu. Atafutwe mwigizaji mmoja, apigwe picha akiwa kijana wa Olduvai, asubiriwe miaka ipite, arudishwe mbele ya kamera akiwa na mvi zake. Na jina la Kamoya Kimeu liandikwe mwanzoni mwa filamu, kwa herufi kubwa.